Kisanduku cha katikati ya gari si pambo

Likizo ya Desemba imekwisha na familia inajiandaa kuondoka Bomet kurudi Nairobi. Nyanya amewafungia mboga, majani ya chai na kibuyu cha mursik. Buti limejaa, kwa hivyo kibuyu kinawekwa mbele, katikati ya kiti cha dereva na cha abiria. Kabla ya kufika kwenye lami, gurudumu linatumbukia shimoni, kifuniko kinafyatuka na maziwa yanatiririka hadi kwenye swichi na kwenye gia.

Wiki moja baadaye swichi zimenata, gari linanuka, na kile kisanduku cha plastiki, ambacho kilikuwa na ufa tangu gari linunuliwe, kimevunjika kabisa. Baba anaamua kununua kingine na kukifunga mwenyewe Jumamosi, akisaidiwa na kijana wake aliyefunga shule.

Je, kuna ubaya? Hapana. Hii ni kazi ambayo mtu mwangalifu anaweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Tatizo ni kwamba wengi hudhani ni sawa na kubadilisha foronya ya mto. Wanasahau kuuliza kilicho chini yake.

Land Rover za zamani zilizozoeleka mashambani hazikuwa na mambo mengi. Katikati palikuwa na kiti cha tatu au kisanduku cha kawaida. Katika magari ya siku hizi, chini ya kisanduku hicho, ambacho mafundi hukiita konsoli, hupita nyaya za umeme na mtambo wa gia. Katika magari mengi mna pia waya wa breki ya mkono, na mara nyingi kijisanduku cha chuma kinachoamua ni lini mifuko ya hewa ifumuke wakati wa ajali.

Katika nchi ya chai, breki ya mkono si anasa. Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, na ukitoka huko kupitia Litein, Kapkatet na Sotik hadi Bomet, njia ni ya kupanda na kushuka. Gari huegeshwa mtelemkoni kanisani, shuleni na kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, huku watoto wakicheza nyuma yake. Anayefunga konsoli ovyo anachezea kitu kinachowalinda watoto hao.

Kabla ya kununua

Magari mengi ya mitumba nchini hutoka Japani. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8, lakini likishapita mikononi mwa wenyewe wawili au watatu, vipuri vyake vipya huwa adimu. Ndipo watu huenda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, kutafuta vilivyotumika.

Usiende mikono mitupu. Nakili namba ya chasisi na maandishi ya kile kibati cha gari. Kwenye Toyota, kibati hicho huonyesha hata namba ya rangi ya ndani. Konsoli ya gari la gia za mkono haiingii kwenye la otomatiki. Ile iliyotoka kwenye gari lenye usukani upande wa kushoto huenda ikawa na tundu la breki na swichi mahali pasipofaa. Beba ya zamani, zilinganishe tundu kwa tundu, na udai risiti ili usije ukauziwa mali ya wizi.

Siku ya kazi

Egesha mahali tambarare na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Vuta breki ya mkono. Kama gari ni la otomatiki, toa gia kwenye P uiweke N kabla ya kuondoa umeme, kwa sababu betri ikishatolewa, kufuli ya gia huenda ikakataa kuiachia, na konsoli haitatoka.

Sasa zima gari na ufungue waya wa hasi wa betri. Ngoja. Miongozo ya mafundi wa Toyota husema sekunde 90, lakini ukinywa kikombe kizima cha chai hutakuwa umepoteza kitu. Mifuko ya hewa huhifadhi umeme kwa muda hata betri ikiwa imetolewa.

Skrubu hujificha chini ya zulia la ndani ya kisanduku na ubavuni karibu na dashibodi. Kijana aziweke mkebeni kwa mpangilio. Vipande vilivyobanwa kwa klipu viinuliwe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, si kwa ncha ya bisibisi. Chomoa plagi kwa kushika plagi yenyewe, usivute waya. Ukikuta plagi za manjano, usiziguse. Hizo ni za mifuko ya hewa. Kile kijisanduku cha chuma nacho kisilegezwe.

Sakafu ikiwa wazi, safisha matope na maziwa, kisha ukaushe zulia, kwani kwa mvua za Kericho unyevu uliofunikwa huozesha zulia na kutia nyaya kutu. Kama breki ya mkono ilikuwa ikivutwa juu sana ndipo ishike, huu ndio wakati wa kumwita fundi aikaze.

Unaporudisha konsoli, hakikisha hakuna waya uliobanwa chini yake. Rudisha betri na ujaribu swichi zote kabla ya kukaza skrubu za mwisho. Taa ya mifuko ya hewa ikiwaka isizime, mpelekee fundi mwenye ujuzi wa umeme wa magari.

Mwisho, ondoa mawe, nenda kwenye mtelemko mdogo usio na mtu mbele wala nyuma, vuta breki ya mkono, weka N, kisha uachilie breki ya mguu polepole. Gari likisogea, kanyaga; kazi haijaisha.

Likitulia, mrudie nyanya bila wasiwasi. Ila safari hii kibuyu kiwekwe sakafuni nyuma, kimeshikiliwa na mtu.