KIFAA KISICHOBISHA HODI

Kuna swali ambalo nimelisikia mara nyingi katika chumba chetu cha kompyuta. Mbona ukichomeka flashi kompyuta huitambua papo hapo, lakini fundi akibadilisha kioo cha simu, wakati mwingine picha hutokea vizuri, ila ukigusa, wapi! Simu haisikii. Je, kioo ni kibovu? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa Kiswahili, maana wapo wanaodhani kwamba mambo kama haya hayasemeki ila kwa Kiingereza.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ndani ya kila kompyuta, na simu nayo ni kompyuta, mna programu kuu inayosimamia vyuma vyote. Kiini chake huitwa karneli. Karneli ndiyo mwenye nyumba. Kila kifaa nacho huendeshwa na programu ndogo iitwayo draiva. Vifaa huunganishwa na prosesa kwa nyaya za pamoja ziitwazo basi. Msicheke, jina hili ni lile lile la basi la abiria. Yote mawili yametokana na neno la Kilatini omnibus, yaani "kwa wote". Kama vile gari moja la Likoni hadi Ukunda hubeba abiria wa vituo vingi, ndivyo nyaya hizo hubeba habari za vifaa vingi.

Sasa, mabasi haya yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ni ya wageni wenye adabu ya hodi. Mfano ni USB, iliyotolewa mwaka wa 1996. Ukichomeka flashi, karneli huuliza, "Nani mwenzangu?" Flashi hujibu kwa nambari mbili: ya kampuni iliyoitengeneza na ya bidhaa yenyewe. Karneli hutafuta draiva inayofaa, ikaiambia flashi, "Karibu!" Hakuna aliyehitaji kuandika lolote mapema.

Aina ya pili ni ya wakimya. Mfano ni basi liitwalo I2C, lililobuniwa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka wa 1982. Lina nyaya mbili tu za mawasiliano: mmoja wa habari na mwingine wa mapigo ya saa. Kila kifaa hapo kina anwani, mfano wa nambari ya nyumba, lakini hakina njia maalumu ya kujitaja jina. Karneli ikibisha kwenye anwani fulani, itajua kuwa kuna mtu ndani. Ni nani? Hapo hakuna jibu. Huenda ni kipima joto, huenda ni kidhibiti cha kioo cha kugusa. Anwani zenyewe ni chache, na viwanda ni vingi, kwa hivyo vifaa tofauti hujikuta vikitumia anwani moja. Ndiposa kifaa cha aina hii sharti kitangazwe kwa maandishi kabla nyumba haijafunguliwa.

Hutangazwa vipi? Hebu tutazame Linux, karneli iliyoanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Leo ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android. Zamani, kwa bodi nyingi zenye prosesa za ARM, ambazo ndizo zinazotumika sana katika simu, orodha ya vifaa iliandikwa ndani ya karneli yenyewe. Kila bodi ilikuwa na faili yake. Bodi zilipozidi, mafaili yakarundikana, na mwaka wa 2011 Torvalds akalalamika hadharani. Baada ya hapo kazi ya kuitoa orodha nje ya karneli ilishika kasi, ikawekwa katika faili ya pekee iitwayo mti wa vifaa.

Jina hilo lafaa. Shina ni bodi, matawi ni mabasi, na majani ni vifaa. Kwenye kila jani huandikwa aina ya kifaa, anwani yake, waya wa kuiitia prosesa kama upo, na hata kama kifaa kitumike au kizimwe. Kidhibiti kimoja cha kioo cha kugusa, kwa mfano, huandikwa "goodix,gt911": kwanza kampuni, kisha koma, kisha aina. Draiva nayo ina orodha ya majina inayoyajua. Karneli huyalinganisha herufi kwa herufi. Ukiandika herufi l mahali pa tarakimu 1, majina hayatalingana, na kioo kizima kitakaa kama gogo. Walimu wetu wa Kiswahili wakitukata alama kwa ajili ya tahajia, tusilie sana!

Turudi kwa simu. Mwaka jana jirani yetu hapa Changamwe, mama muuza mboga, alibadilishiwa kioo, simu ikakataa kuguswa. Siku mbili wateja wake walishindwa kumlipa kwa simu, akauza kwa mkopo. Wengine walimwambia simu imekufa, anunue nyingine. Fundi aliyeitazama baadaye alisema maneno niliyoyashika: "Mama, kioo hiki ni kizima, ila simu haikijui." Alitia kioo cha aina ile ya awali, simu ikaamka.

Tuseme simu imeandikiwa kioo cha Goodix katika anwani 5d, nawe umetiwa cha Focaltech kinachokaa katika anwani 38. Karneli itabisha 5d mpaka ichoke. Mgeni yuko nyumba nyingine, kimya, akingoja kuitwa. Watengenezaji wengine huandika aina mbili tatu mapema, ndiyo maana simu nyingine hazina matata. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, muulize fundi kama kioo kipya ni cha aina ile ile, alinganishe na cha zamani.

Na tusidhani kazi hii ni ya Wazungu na Wachina peke yao. Mwezi wa Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu za Android kilifunguliwa Athi River, hapa Kenya. Kuunganisha vyuma ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuviandika, na mti wa vifaa ni maandishi tu, ambayo mwanafunzi yeyote wa somo la kompyuta anaweza kujifunza kuyasoma.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Simu ikinyamaza, uliza kwanza kama kifaa kimekufa au hakijatangazwa. Pana tofauti kubwa baina ya maiti na mgeni asiyejulikana.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu