Je, Wajua? Panya wa Maabara Ana Nasaba Iliyoandikwa

Mswahili wa kale alijitambulisha kwa nasaba: fulani bin fulani bin fulani. Je, wajua kwamba panya wa maabara naye huitwa hivyo? Simsemi panya buku wa Morogoro anayenusa mabomu ya ardhini. Huyo ni wa jamii nyingine. Namsema Rattus norvegicus, yuleyule anayepita mitaroni usiku.

Tazama jina hili: BN/NHsdMcwi. BN ni ukoo wa Brown Norway. N ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Hsd ni kampuni ya Harlan Sprague Dawley, Mcwi ni Chuo cha Tiba cha Wisconsin. Ndiyo mikono iliyomlea, mmoja baada ya mwingine.

Uangalifu huo una sababu. Ili ukoo utulie, watafiti huzalisha kaka na dada kwa vizazi visivyopungua 20, hadi panya wote wafanane kama mapacha. Mwaka 1963, Okamoto na Aoki wa Kyoto, Japani, walitangaza SHR, panya ambao shinikizo la damu huwapanda lenyewe kadiri wanavyokua. Wenzao wa kulinganishwa nao, WKY, waligawiwa maabara mbalimbali kabla ukoo haujatulia. Kila maabara ikaendelea kivyake, na baadaye ikaonekana kwamba panya wa jina moja wanatofautiana vinasaba. Hebu fikiria: unapima ugonjwa wa moyo kwa mizani ambayo kila mtu ana yake!

Ndiyo maana naithamini sana Rat Genome Database, kanzidata iliyoanzishwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1999. Humo kila ukoo una namba yake, pamoja na jeni na magonjwa yanayohusiana nao. Jenomu ya panya huyu ilichapishwa mwaka 2004, ya tatu kwa mamalia: herufi takriban bilioni 2.75. Karibu jeni zote za binadamu zilizojulikana wakati huo kuhusika na magonjwa zilikutwa na wenzao ndani yake.

Panya wenyewe nao wana hazina, Kyoto na Chuo Kikuu cha Missouri, ambako viinitete na mbegu za kiume hugandishwa, ili ukoo usipotee hata vizimba vikibaki vitupu.

Kanzidata hiyo haina malipo. Mwanafunzi wa baiolojia, ukiwa na intaneti, ifungue leo, andika SHR, usome mwenyewe.