Nyongeza ya Mishahara ya Wabunge: Funzo kutoka Kenya

Askari apandishiwapo mshahara, si yeye aliyeuandika waraka, wala hakupiga kura juu ya kiwango chake. Kwa Mbunge mambo ni tofauti, maana Bunge ndilo liidhinishalo matumizi ya Serikali, na wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Je, si bora basi mishahara ya Wabunge ipande yenyewe kwa tarehe iliyokwisha pangwa, pasipo wao kuigusa?

Majirani zetu wa Kenya wamelipitia jambo hili. Katiba yao ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, ikaikabidhi kazi ya kupanga malipo ya viongozi. Mwaka 2013 Tume ilishusha mshahara wa Mbunge kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi hadi 532,500. Wabunge wakapinga, wakapiga kura ya kuitangua amri hiyo. Hatimaye wakakubali mshahara huo baada ya kupewa ruzuku ya kununulia gari.

Mwezi Agosti 2023 Tume hiyo ilitangaza nyongeza kwa awamu. Awamu ya tarehe 1 Julai 2024 ilikuwa impandishe Mbunge kutoka shilingi 725,502 hadi 739,600. Nyongeza yenyewe ilikuwa ndogo, lakini kalenda haina macho. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Muswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi, na damu ikamwagika karibu na Bunge. Polisi waliotumwa kuwazuia nao walikuwa wakiisubiri nyongeza ya hadi asilimia 40, iliyotokana na kikosi kazi cha Jaji Mkuu mstaafu David Maraga. Siku sita baadaye, zamu ya Wabunge ikawadia. Wananchi wakalalamika, Rais William Ruto akaagiza jambo hilo liangaliwe upya, na Tume ikaisimamisha nyongeza hiyo.

Ni kweli kwamba Mbunge hana budi kulipwa vyema, asije akawa mtumwa wa wenye fedha. Lakini nyongeza ijayo yenyewe huponya ugonjwa mmoja tu, ule wa kujipakulia. Kenya ilinusurika kwa kuwa chombo kilichopanga nyongeza kilikuwa nje ya Bunge, na kilikuwa na uwezo wa kuizuia. Mshahara wa kiongozi hutoka katika jasho la wananchi. Haufai kupanda bila kwanza kuitazama hali yao.