Homa Iliisha Lakini Kifua Bado Kinabana? Soma Hii Kabla Uende Kemisti

Homa ilikulaza keja siku tatu, ukanywa dawa na maji ya ndimu, ikaisha. Hiyo ni wiki kadhaa zimepita. Saa hii uko wera kama kawaida, lakini ukipanda ngazi hadi orofa ya nne unahema ni kama umetoka kukimbia marathon. Ukicheka, unakohoa. Ukigusa mto usiku, kikohozi ndio kinaamka. Na ukikohoa mara mbili kwa mat, msee wa kando anafungua dirisha mbio.

Wengi wetu tukifika hapo tunafanya moja kati ya mbili. Tunaenda kemisti kuongeza antibiotiki, ama tunangoja tu tukisema itaisha. Zote mbili zinaweza kukuchoma. Wacha tukuchanue.

Kwani virusi bado viko ndani?

Mara nyingi, zii. Virusi vya homa, fluu ama Covid-19 vikiingia, vinashambulia utando laini ulio ndani ya njia za hewa. Huo utando uko na vinyweleo vidogo sana, na kazi yao ni kufagia vumbi na makohozi kuelekea juu. Virusi vinaharibu hao wafagiaji, na mwili ukipigana, njia za hewa zinavimba. Vita vikiisha, virusi vinaenda, lakini ukarabati unachukua wiki nyingi.

Kitu ingine, neva zinazokuambia ukohoe zinakuwa kali kupita kiasi. Ni kama ile alam ya gari ikishaharibika, hata paka akipita tu inalia. Baridi ya ngware, moshi, pafyumu ya mtu, hata stori ya kuchekesha, yote yanakuanzishia. Kwa wengine, misuli inayozunguka njia za hewa inajikaza, ndio unaskia kifua kinapiga filimbi. Na hizo mbavu zinauma ju umezitumia kukohoa mwezi mzima.

Madaktari wanahesabu hivi: kikohozi cha baada ya homa kinaweza kukaa kati ya wiki 3 na 8, halafu kiishe chenyewe. Kikipita wiki 8, hicho ni sugu na lazima kitafutiwe chanzo.

Sasa, si ningoje tu hizo wiki 8?

Hapa ndio ukae rada. Hizo wiki 8 utaziona kwa intaneti zikiandikiwa watu wa nchi ambako TB ni nadra. Kenya iko kwa orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. Na TB haiji na kitambulisho. Inaanza na kikohozi tu, unadhani ni mabaki ya homa, kumbe unaishi nayo na unaipulizia mbogi yako yote kwa bedsitter isiyo na dirisha la maana.

So huku kwetu hesabu ni hii: ukifikisha wiki 2 ukikohoa, nenda upimwe TB. Usingoje ukonde. Na kama unatoka jasho usiku hadi shuka zinalowa, kilo zinapungua, homa inakuja jioni, ama unaishi na HIV, usingoje hata hizo wiki 2. Kwa hospitali za serikali, kupimwa makohozi na dawa za TB ni bure. Mashine ya GeneXpert yenyewe inasoma makohozi yako kwa kama masaa mawili. Ikipatikana mapema, TB ya kawaida inatibiwa na dawa za miezi 6 na inapona kabisa. Ikikosekana, sasa unaweza kungoja ukarabati wa kifua ukiwa na amani.

Antibiotiki nayo?

Antibiotiki inaua bakteria. Kama kilichokupiga ni virusi, na vyenyewe vishaenda, unalipia dawa ya kupigana na mtu hayuko. Eti makohozi ni ya kijani? Rangi pekee haithibitishi ni bakteria. Mbaya zaidi, ziko antibiotiki zinazotuliza TB kidogo bila kuiponya. Unajiskia fiti siku kadhaa, kipimo kinachelewa, na mapafu yanaendelea kuliwa.

Zile sirapu za kikohozi zenye kodeini nazo, achana nazo. Zinaleta uraibu na zinapunguza kasi ya kupumua, na pumzi ndio kitu hauna ya kupoteza.

Inaweza kuwa nini ingine?

*Pumu.* Homa inaweza kuiamsha hata kama hujawahi kuambiwa uko nayo. Ukikohoa sana usiku na alfajiri, kifua kikipiga filimbi, halafu inapotea na kurudi, ambia daktari. Akikupea inhela, itumie. Ile stori ya mtaa eti ukianza inhela hutaacha ni uongo. Inhela haileti uraibu.

*Covid ya muda mrefu.* Kama ni miezi 3 tangu Covid ikupate na bado pumzi ni fupi na uchovu hauishi, sema hivyo ukifika hosi. Usijilazimishe jimu kuthibitisha uko sawa. Rudi pole pole.

Hizi usilale nazo

Enda hospitali leo, hata kama ni usiku, ukiona:
- Unakosa pumzi ukiwa umekaa tu, ama huwezi kumaliza sentensi.
- Midomo ama kucha zimekuwa bluu au kijivu.
- Unakohoa damu.
- Kifua kimeuma ghafla ukivuta hewa, hasa kama mguu mmoja umevimba. Inaweza kuwa damu iliyoganda.
- Homa iliisha halafu ikarudi na nguvu. Hiyo inaweza kuwa nimonia.

Ukiwa nyumbani

Kunywa maji na chai ya moto. Kijiko cha asali kinatuliza koo, lakini usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1. Sigara, shisha na sigara za umeme, weka chini. Vinyweleo haviwezi kumea kwa moshi. Jiko la makaa lisiwake ndani ya nyumba imefungwa, hiyo inaua. Kujifukiza na sufuria ya maji moto chini ya blanketi kumechoma watu vibaya, wacha.

Pumzi ikikatika, keti, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 2, halafu itoe pole pole kwa midomo ukihesabu hadi 4, kama unapuliza chai moto.

Na kitu moja ufanye saa hii: andika kwa simu tarehe ile homa ilianza. Wiki ya 2, TB. Wiki ya 8, daktari lazima, hata kama TB haikupatikana. Ukifika hosi na hiyo tarehe, daktari ataanza na jibu, si na kukisia.