Je, Wajua? Nyumba Inayohama kwa Mabega ya Majirani

Ukisema mali isiyohamishika, kitu cha kwanza kinachokuja akilini ni nyumba. Wabugis wa Sulawesi Kusini, nchini Indonesia, wana sababu ya kukucheka. Nyumba yao ya jadi ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, na desturi ni nguzo hizo kukalishwa juu ya mawe badala ya kuchimbiwa ardhini. Hivyo kiwanja ni mali moja na nyumba ni mali nyingine. Mtu anaweza kuuza kiwanja akaondoka na nyumba yake, au akanunua nyumba ya jirani na kuihamishia kwake.

Anaihamishaje? Kwa mabega ya watu. Shughuli hiyo mara nyingi hupangwa Ijumaa baada ya sala, wanaume wakiwa wameshakusanyika msikitini. Vyombo, makabati na vioo vya madirisha hutolewa mapema. Mianzi mirefu hufungwa kwenye nguzo, mingine kwa urefu na mingine kwa upana, mpaka kila mtu apate pa kuweka bega. Msimamizi anapaza sauti, watu wanaitikia, na nyumba nzima inainuka na paa lake na sakafu yake, inaanza kutembea. Ikiwa safari ni fupi na njia ni tambarare, nguzo hufungiwa magurudumu nyumba ikasukumwa. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba anadaiwa chakula tu, pamoja na bega lake siku jirani naye atakapohama. Nani atajitia ukorofi kijijini akijua iko siku atahitaji makumi ya watu wamnyanyulie sebule?

Kwenye mito ya Kalimantan, nchini humohumo, wapo wasiosumbuliwa kabisa na habari za viwanja. Nyumba zao, zinazoitwa lanting, zimejengwa juu ya magogo yanayoelea na kufungwa kamba ukingoni. Mto ukijaa, nyumba inapanda, ukipungua, inashuka. Kwenda dukani ni kupiga kasia.

Je, wajua kwamba jamii kubwa kuliko zote duniani inayofuata ukoo wa mama ni ya Waislamu? Ni Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, pia nchini Indonesia, watu wa nyumba ndefu zenye paa lililopinda juu kama pembe za nyati. Nyumba ya ukoo na mashamba ya mpunga yaliyorithiwa kwa mababu hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Msimamizi ni mjomba, kaka yake mama, lakini kusimamia si kumiliki. Mume anaishi kwa mkewe kwa heshima ya mgeni. Zamani mvulana akishapata akili hakuwa na chumba katika nyumba ile. Alilala surau, nyumba ndogo ya ibada, akijifunza Kurani na mapigano ya silat.

Mali hiyo ya ukoo haiuzwi. Ikibidi sana huwekwa rehani, na sababu zinazokubalika kwa jadi ni nne: binti mkubwa hajaolewa na gharama za harusi hazipo, maiti iko ndani inasubiri kuzikwa, nyumba ya ukoo inavuja, au ukoo unataka kumsimika kiongozi aliyekosekana kwa muda mrefu. Ada za shule hazimo, na madeni ya biashara ndiyo kabisa. Mali aliyochuma mtu kwa jasho lake huwa ni habari nyingine, hiyo hugawiwa kwa mirathi ya Kiislamu. Msomaji wa Ngazidja hapa hatashangaa hata kidogo, kwa sababu Komoro nako kuna manyahuli, ardhi na nyumba za upande wa mama, na Uislamu umekaa nazo karne nyingi.

Vijana wa kiume wa Minangkabau, kwa kuwa hawarithi mali ya ukoo, husafiri kutafuta maisha. Ndiyo maana karibu kila mji wa Indonesia una mgahawa wa Padang, mji wa kwao, ambapo mhudumu anakujazia meza sahani bila kukuuliza unataka nini, kisha unalipia ulizozigusa tu.

Kwa Watoraja, wanaoishi milimani hukohuko Sulawesi, urithi una mizani yake. Kwa mila, fungu la mtoto katika mashamba ya mzazi hutegemea nyati aliowachinja kwenye mazishi ya mzazi huyo. Wala si nyati wa mbugani. Hawa hufugwa, na dume mwenye mabaka meupe anaweza kufikia bei ya gari. Kwa kuwa fedha za namna hiyo hazipatikani kwa wiki moja, marehemu hukaa nyumbani miezi, pengine miaka. Muda wote huo huhesabiwa kuwa mgonjwa, na hupelekewa chakula.

Ukifika kijiji cha Java kumtembelea rafiki, huenda ukaona kibao kinachomtaka mgeni anayelala aripoti ndani ya saa 24. Anaripoti kwa mkuu wa RT, kundi dogo la kaya za jirani, na mtindo huo uliingizwa na Wajapani walipoitawala Indonesia kati ya 1942 na 1945. Mtanzania atamtambua mara moja mkuu huyo: ni balozi wa nyumba kumi. Kazi zake pia zinafanana, kuanzia barua za utambulisho hadi kusuluhisha ugomvi wa mbuzi walioingia shambani.

Usiku wanaume hulinda kwa zamu. Kwenye kibanda chao huning'inia kipande cha gogo kilichochimbwa ndani, na mapigo yake hutofautiana: mwizi ana mlio wake, moto wake, msiba wake. La mgambo likilia, Mjava anajua hadi jambo lenyewe. Wakiwa kwenye doria hupitia pia mchango. Mbele ya kila nyumba hutundikwa kikopo, na ndani yake mna mchele wa kujaza kiganja, au siku hizi sarafu. Nadhani hakuna kodi nyepesi kuliko hiyo, na bado inanunua taa za njiani na kumsaidia jirani aliyelazwa.

Mgeni kutoka nje asitegemee kununua shamba. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya 1960 inampa umiliki kamili raia peke yake, na raia akipoteza uraia ana mwaka mmoja wa kuiachia ardhi. Wageni wengi walionunua nyumba Bali kwa kutumia jina la mwenyeji wamekuja kugundua kwamba mbele ya sheria mwenye mali ni yule mwenyeji.

Kwenye visiwa vya Maluku watu wanafunga hata bahari. Desturi ya sasi inakataza kuvuna kitu fulani mpaka wakati wake, iwe nazi, samaki au kombe. Alama yake ni makuti yaliyofungwa mtini. Kijiji cha Haruku kina samaki wadogo waitwao lompa, wanaoshinda mtoni mchana na kwenda baharini usiku. Sasi ikiwepo, boti inayoingia mtoni huzima injini. Siku ya kufungua, kijiji kizima kinashuka majini na nyavu.

Maluku hiyohiyo ndiyo asili ya mkarafuu, uliokuja kuipa Unguja na Pemba jina. Kuna wakati Indonesia yenyewe iliagiza karafuu kutoka Zanzibar, kwa sababu watu wake huzichanganya na tumbaku kwenye sigara za kretek, na za nyumbani hazikutosha.

Safari kubwa ya mwaka nchini Indonesia ni ya Idi, kila mtu akirudi kijijini kwao. Mwaka 2024 serikali ilikadiria kwamba watu milioni 193.6 wangesafiri, zaidi ya theluthi mbili ya wananchi wote. Maskini wa Jakarta zamani walijazana kwenye pikipiki, baba, mama, watoto na maboksi ya zawadi, wakaendesha mamia ya kilomita. Ajali zikawa nyingi mno. Sasa serikali huwapakilia baadhi yao pikipiki hizo kwenye treni na meli bila malipo, ili wakifika kwao wawe na usafiri wa kuzungukia nyumba za wajomba na shangazi.