Ngozi Inayobeba Maneno Matakatifu

Mwaka 2022 ukame uliwamaliza wafugaji wa Kajiado. Ng'ombe walikufa kwa maelfu, na mizoga ikatapakaa malishoni. Je, msomaji, ngozi ya ng'ombe aliyekufa kibudu yaweza kufaa kwa jambo takatifu?

Wengi watajibu hapana. Sheria ya Kiyahudi hujibu ndiyo. Nyama ya mnyama huyo ni haramu kwa Myahudi, lakini juu ya ngozi yake yaweza kuandikwa Torati. Kinachoangaliwa kwanza ni aina ya mnyama: ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala wanafaa, kwa kuwa ni wanyama safi. Punda na ngamia hawafai hata wakinona vipi.

Mambo haya si ya mbali. Kutoka Kitengela hadi katikati ya Nairobi ni safari ya matatu tu, na huko liko sinagogi la jumuiya ya Wayahudi iliyoanza mwaka 1904. Katika sinagogi, Torati husomwa kutoka gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Nyumbani nako, Myahudi hupachika mezuza kwenye mwimo wa mlango: kipande cha ngozi chenye aya za Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11.

Mama wa Kimaasai huwamba ngozi chini kwa vigingi ikauke juani. Mtengenezaji wa Kiyahudi huilowesha kwanza katika maji ya chokaa, akaondoa manyoya, akaiwamba kwenye fremu na kuikwangua mpaka iwe laini. Lakini anapoitia katika chokaa hutamka kwamba kazi hii ni kwa ajili ya andiko takatifu. Ngozi iliyotengenezwa bila nia hiyo haifai kwa Torati, hata ikiwa nyororo namna gani.

Kisha huja mwandishi. Huchora mistari isiyo na wino, akachukua kalamu ya tete au ya unyoya na wino mweusi wenye gundi ya migunga. Gombo zima lina herufi 304,805. Kila herufi sharti izungukwe na ngozi tupu pande zote. Kisu cha mchunaji kikiwa kimetoboa ngozi, mwandishi hulikwepa tundu, kwani herufi haiandikwi juu yake. Mezuza ina herufi 713 tu, lakini ni kali zaidi: lazima ziandikwe kwa mfuatano. Akigundua mwishoni kwamba aliruka herufi moja juu, hawezi kurudi kuichomeka. Kazi yote imeharibika.

Na herufi ikitiliwa shaka, nani huamua? Huitwa mtoto! Awe anazijua herufi, lakini asiwe mwerevu kupita kiasi, wala mjinga. Mwerevu angekisia neno kutokana na maana yake. Huyu husoma kile anachokiona. Akiitaja sawasawa, herufi imepona.

Mnunuzi wa ngozi hutazama ukubwa na makovu ya kupe. Mwandishi wa Torati ana swali la kwanza tofauti: ngozi hii ilitengenezwa kwa nia gani? Mnyama aliyeangushwa na njaa hakuchagua kifo chake. Aliyeishika ngozi baadaye ndiye aliyechagua itabeba nini.