Afisa wa probesheni: anayeipeleka habari ya kijiji mahakamani

Wengi wetu tukifikiria mahakama tunamwona hakimu, mwendesha mashtaka, wakili na mshtakiwa. Yuko mwingine asiyetajwa sana, ingawa ripoti yake yaweza kuchangia mtu arudi nyumbani au abaki gerezani. Huyo ni afisa wa probesheni.

Tutazame Kitale, makao makuu ya kaunti ya Trans Nzoia, na jirani yake Bungoma. Miji yote miwili ina Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu na magereza. Kesi hutoka mbali: mashamba ya mahindi ya Kiminini na Kwanza, Kimilili, hadi Cheptais kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jaji akiwa kitini hawezi kujua mshtakiwa anaishi vipi na watu wa kwao. Afisa wa probesheni ndiye anayetumwa kuuliza.

Kazi yaweza kuanza mapema, kwenye ombi la dhamana. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, hata katika kesi ya mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Jaji huagiza ripoti. Afisa huzungumza na mshtakiwa, jamaa zake, chifu, wazee na familia ya marehemu. Je, ana makao yanayojulikana? Atawatisha mashahidi? Kijiji kimetulia, au akirudi atadhuriwa?

Mtu akipatikana na hatia, mahakama huweza kutaka ripoti nyingine kabla ya adhabu. Chukulia kijana aliyekiri kuiba magunia mawili ya mahindi. Adhabu ya wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 3. Ripoti ikionyesha ni kosa lake la kwanza na ana watu wa kumsimamia, hakimu ana njia mbili nje ya jela. Ya kwanza ni probesheni, ambayo wengi huiita kifungo cha nje: uangalizi wa kati ya miezi 6 na miaka 3, kwa ridhaa yake mwenyewe. Ya pili ni huduma kwa jamii, chini ya sheria ya 1998: kazi ya umma bila malipo, kama kupanda miti, kutengeneza barabara au kuhudumu shuleni na hospitalini. Afisa humfuatilia, na akikiuka masharti hurudishwa kortini kuadhibiwa.

Hata wafungwa wa zamani huguswa. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jaji hafungwi tena kutoa hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji. Wafungwa walipoomba adhabu mpya, maafisa walirudi vijijini kuuliza kama mtu amebadilika, kama nyumbani watampokea, na jamaa za marehemu wanasemaje.

Lakini afisa huyu si wakili wa mshtakiwa wala si polisi, na ripoti yake haimfungi jaji. Upande wa utetezi unaweza kuipinga. Hilo ni muhimu, maana ripoti ina ubora wa wale walioulizwa. Kwenye sehemu zenye migogoro ya mashamba, jirani anayekodolea macho ekari za mshtakiwa ana sababu yake ya kusema "asirudi". Ripoti iliyoandikwa baada ya simu moja kwa chifu haiwezi kulitambua hilo. Iliyoandikwa baada ya kutembelea boma tatu au nne yaweza.

Sheria ni hiyo hiyo Mombasa, Kilifi na Lamu. Siku afisa wa probesheni akibisha hodi kwako, usimfiche na usimwongezee chumvi. Mwambie unachokijua mwenyewe, na yale ya kusikia useme ni ya kusikia. Kama wewe ndiye uliyetendewa uhalifu, zungumza pia: sheria ya 2014 ya kuwalinda waathiriwa inakupa nafasi ya kusikilizwa. Ukinyamaza, jaji ataamua kwa maneno ya wengine.